Barbara Castle na Dhamana ya Mbunge

Watu waandikapo habari za mbunge aliyedumu, aghalabu huanza kwa kuhesabu miaka yake kitini, kana kwamba urefu wa muda ndio ithibati ya kazi, ilhali wamo katika mabunge ya dunia wazee wengi waliokaa miongo mitatu au minne na kuondoka bila ya kuacha sheria hata moja ambayo raia anaweza kuitaja na kusema kuwa hii ilikuwa kazi ya fulani. Barbara Castle, aliyewawakilisha watu wa Blackburn katika Bunge la Makabwela la Uingereza tangu mwaka 1945 hata mwaka 1979, alikuwa na miaka ya kutosha kumridhisha mwenye kuhesabu: hapakuwa na mwanamke kabla yake aliyekaa mfululizo katika Bunge hilo kwa muda kama huo, na hapakutokea wa kumpita ila mwaka 2007, alipompita Gwyneth Dunwoody. Lakini suala linalostahili kuchunguzwa si hilo. Suala ni wapi mbunge hupata nguvu yake, na kama nguvu hiyo humjia kutoka katika cheo anachokabidhiwa na waziri mkuu, au kutoka katika mashauri ya watu anayoyafuatilia kwa miguu na kwa kalamu yake mwenyewe. Maisha ya bibi huyu yanatoa jibu lililo dhahiri kuliko maisha ya wengi wa zama zake, kwa kuwa alizionja hali zote, ya mbunge asiye na wadhifa, ya waziri mwenye kauli, na ya waziri aliyeuzuliwa. Na katika kila hali, nionavyo mimi, alishinda pale alipoanza na mja mmoja aliyedhulumiwa akamfuatilia hata dhuluma yake ikaingia katika vifungu vya sheria, na akashindwa pale alipoanza na kanuni iliyotungwa ofisini na kuitelemsha kwa watu ambao hawakushauriwa vya kutosha.

Alizaliwa Chesterfield tarehe 6 Oktoba 1910, kwa jina la Barbara Betts, katika nyumba ambayo siasa zilikuwa chakula cha kila siku. Baba yake alikuwa mkaguzi wa kodi wa serikali, na kwa ajili hiyo jamaa nzima ilihamahama kutoka mji hata mji kaskazini mwa Uingereza. Lakini baada ya saa za kazi mkaguzi huyo alihariri gazeti la wasoshalisti wa Bradford, na mama naye aliendesha jiko la kuwalisha wachimba makaa waliokosa riziki. Binti yao alisoma Oxford, katika chuo cha St Hugh's, akatoka na shahada ya daraja la tatu, jambo ambalo halikumzuia baadaye kuwashinda kwa hoja watu waliotoka huko na daraja la kwanza. Katika miaka ya 1930 aliandika katika gazeti la Tribune, akawa diwani wa St Pancras mjini London, na wakati wa vita akafanya kazi katika Wizara ya Chakula. Mwaka 1943, akiwa mjumbe asiyejulikana katika mkutano mkuu wa chama cha Leba, alisimama akawalaumu viongozi kwa kuuahirisha mpango wa Beveridge wa hifadhi ya jamii, na hotuba ile fupi ikampatia picha katika ukurasa wa mbele wa Daily Mirror, na kwa njia hiyo hiyo ikamkutanisha na mhariri wa usiku wa gazeti hilo, Ted Castle, aliyemwoa mwaka uliofuata.

Namna alivyolipata jimbo la Blackburn yafaa kukumbukwa, kwa maana haikuwa hisani ya wakubwa. Wanawake wa chama cha Leba katika mji ule wa viwanda vya pamba, ambao ndio waliokuwa wakiandika anwani juu ya bahasha, wakitembea nyumba kwa nyumba na kupika chai za mikutano, waliwaambia wanaume wa chama kwamba kama hapana jina la mwanamke katika orodha ya wanaofikiriwa kugombea, basi wao wataacha kazi hizo zote. Jina likatiwa, na mwenye jina akateuliwa. Alipoingia Westminster mwaka 1945, katika Bunge la wajumbe 640, wanawake walikuwa 24 tu. Deni lile la wanawake wa Blackburn hakulisahau. Na ukitafuta uzi unaofunga kazi zake za miaka ile yote, utauona umeanzia katika chumba kile cha bahasha na chai.

Miaka kumi na tisa ya mwanzo aliipitisha nje ya Baraza la Mawaziri, mwanzoni akiwa msaidizi wa bungeni wa Stafford Cripps na kisha wa Harold Wilson, na baadaye, Leba ilipoanguka mwaka 1951, akiwa katika kundi la Aneurin Bevan lililokuwa likipambana na viongozi wa chama chake mwenyewe. Mtu apendaye vyeo angaliiona miaka hiyo kuwa ya hasara. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yake, na pengine ndiyo miaka yake mitukufu kuliko yote. Mbunge asiye wizarani hana karani wala hazina. Ana haki ya kuuliza swali ambalo waziri hana budi kulijibu, ana haki ya kusafiri na kuona, na ana magazeti kama anajua kuandika. Castle alizitumia haki hizi tatu pamoja, tena kwa mambo makubwa na madogo bila ya kubagua. Katika vyoo vya umma vya wanawake palikuwa na milango ya chuma yenye kuzunguka, ambayo mwanamke mjamzito, au mwenye mtoto na kikapu, hakuweza kuipita ila kwa taabu na fedheha. Wanaume wa Bunge walidhani kuwa hilo si shauri la kuzungumzwa mbele ya Spika, lakini yeye alilizungumza bila ya haya, akaleta muswada wake binafsi, na mwaka 1963 milango ile ikaondolewa kwa sheria.

Na kwa bidii hiyo hiyo aliikabili Kenya. Nchi ile ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya watu wametiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, na habari zilizofika London zilikuwa zimechujwa na ofisi za serikali ya kikoloni. Kanali Arthur Young, ofisa wa polisi mwenye sifa njema aliyetolewa Uingereza ili awe Kamishna wa Polisi wa Kenya, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1954 kabla ya kutimiza mwaka kazini, na serikali ikakataa kuichapisha barua yake. Mbunge mwingine angalitoa hotuba ya jumla juu ya ukoloni na kuketi. Castle alishika kisa cha mtu mmoja, Kamau Kichina, mtu wa chini aliyeshukiwa kuiba fedha, ambaye alikufa baada ya kupigwa siku kadhaa mikononi mwa polisi, na ambaye waliomtesa hawakuhukumiwa kwa kosa la kuua bali kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwishoni mwa mwaka 1955 alikwenda Kenya mwenyewe, akasoma karatasi za kesi, akawahoji maofisa, akapata msaada wa wachache miongoni mwao ambao dhamiri zilikuwa zikiwasumbua, kisha akarudi na kuandika katika Daily Mirror na New Statesman mambo ambayo Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakuweza kuyafuta kwa majibu yaliyozoeleka. Alizushiwa kuwa anawachafua watumishi wa dola walio mbali na nyumbani. Hakujibu kwa maneno makali. Alijibu kwa kuuliza swali jingine, na baada yake jingine.

Kwa hiyo yalipotokea mauaji ya Hola, ile kambi ya kizuizini iliyo kando ya Mto Tana, kulikuwa tayari na mtu Bungeni aliyejua namna ya kusoma taarifa ya serikali na kuuona upungufu wake. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kufanya kazi ya kuchimba mitaro walipigwa na walinzi, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba wamekufa baada ya kunywa maji yaliyotoka katika gari la maji. Uchunguzi wa hakimu ulipothibitisha kuwa miili ilikuwa na majeraha ya kupigwa, Castle alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele kabisa kudai kwamba lawama isiachwe kwa walinzi wa chini peke yao, bali ipande hata kwa waliotunga na kuidhinisha utaratibu wa kuwalazimisha mahabusu kwa nguvu. Mjadala wa mwisho uliendelea usiku wa tarehe 27 Julai, na saa za alfajiri alisimama Enoch Powell, Mhafidhina ambaye baadaye angejulikana kwa mambo mengine kabisa, akailaumu serikali ya chama chake kwa hoja kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Uingereza na kingine kwa Afrika. Watu wengi huikumbuka hotuba hiyo na kuisahau miaka minne ya maswali iliyoitangulia. Insafu inataka yakumbukwe yote mawili: hotuba ya Powell ilikuwa na uzito kwa sababu ilitoka upande wa serikali, na faili lilikuwa limejaa ushahidi kwa sababu mwanamke wa upande wa pili, pamoja na wenziwe wachache, hawakuchoka kulijaza.

Sisemi kwamba Castle ndiye aliyeikomboa Kenya. Kenya ilikombolewa na wana wake, na wengi wao hawakuiona siku ya bendera. Nasema kwamba mbunge wa nchi itawalayo ana dhamana juu ya watu wasiompigia kura, maadamu sheria zinazowafunga hutiwa muhuri katika jumba analoketi yeye. Na dhamana hii wabunge wengi wa Westminster waliikimbia kwa kuwa haikuwa na kura ndani yake. Mwaka 1955, mwaka ule ule wa safari yake ya Kenya, Castle alikuwa ameliokoa jimbo lake kwa tofauti ya kura chache mno, na hapana mtu Blackburn aliyemtuma kwenda Nairobi. Mwaka 1958 alikwenda Cyprus, akarudi na kushutumiwa kwa yale aliyoyasema juu ya mwenendo wa askari wa Kiingereza huko. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waliosimama kimya kwa zamu mbele ya Lancaster House, wakati mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola walipokuwa ndani wakizungumza juu ya Afrika Kusini. Na mwaka 2013, ambapo Castle alikuwa amekwisha fariki, serikali ya Uingereza ilikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa serikali ya kikoloni, ikakubali kuwalipa waathirika 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Wilson alipochukua serikali mwaka 1964 alimwita Castle katika Baraza la Mawaziri, akawa mwanamke wa nne tu katika historia ya Uingereza kuingia humo, na akamkabidhi wizara mpya ya maendeleo ya nchi za ng'ambo. Katibu wake mkuu alikuwa Andrew Cohen, yule aliyekuwa Gavana wa Uganda katika miaka ya 1950, na kwa pamoja walileta utaratibu wa kuzikopesha nchi maskini bila ya riba. Lakini alikaa huko mwaka mmoja na kitu tu, na kabla hajaondoka Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Tanzania imevunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya udhaifu wa London katika jambo hilo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokusudiwa kwa Tanzania umezuiwa. Hapo ndipo alipoonja uchungu wa kiti: waziri hufungwa na shauri la wenziwe, na lile ambalo angaliliuliza kwa sauti akiwa mbunge wa kawaida hana budi kulinyamazia au kujiuzulu.

Na lipo jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuliruka. Mwezi wa Februari 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakiondoka kwa wingi kwa kuhofia kanuni mpya za kazi na biashara, serikali ya Wilson ilipitisha kwa siku chache mno sheria ya kuwazuia wasiingie katika nchi ambayo pasi zao ziliwaita raia wake. Waziri wa Mambo ya Ndani aliyeileta alikuwa James Callaghan. Lakini Castle alikuwamo katika Baraza la Mawaziri, na hakujiuzulu. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa amezama katika kazi za wizara nyingine, na kwamba kujiuzulu kwa mtu mmoja kusingalizuia neno. Utetezi huu haunitoshi. Yule aliyeufuata mkondo wa damu wa Kamau Kichina hata ukamfikisha mlangoni pa Waziri wa Makoloni, alikuwa na wajibu wa kuuona unyonge wa mwenye duka wa Nairobi aliyeshika pasi isiyofungua mlango wowote. Hili ni doa, na wanaomsifu wasipolitaja humpunguzia heshima badala ya kumzidishia.

Wizara hiyo nyingine ilikuwa ya uchukuzi, aliyopewa mwezi wa Desemba 1965. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari, jambo lililowapa mahasimu wake maneno ya kutosha. Barabara za Uingereza zilikuwa zikiua: mwaka 1966 walikufa watu 7,985, na katika ajali nyingi za usiku mkono wa pombe ulijulikana na kila daktari. Sheria ya zamani ilimtaka polisi athibitishe kwamba dereva amelewa kiasi cha kutoweza kuendesha, na uthibitisho huo ulifanywa kwa kumtembeza mtu juu ya mstari na kumtaka atamke maneno magumu, mambo ambayo wakili hodari aliyapangua mahakamani bila ya taabu. Castle aliibadilisha hujja yenyewe. Kwa sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1967, iliyoanza kutumika tarehe 9 Oktoba, kosa halikuwa tena ulevi bali kiasi: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na polisi akapewa kifaa cha kupuliza ili kutambua nani apelekwe kupimwa. Alirudi nyuma katika jambo moja, la kuwasimamisha madereva ovyo bila ya sababu, kwa kuwa aliona kwamba umma haujawa tayari. Wenye mabaa walimlaani, akapata barua za kutishiwa kuuawa. Mwaka 1968 vifo vilikuwa 6,810. Aidha, aliufanya wa kudumu ule mwendo wa juu wa maili 70 kwa saa uliokuwa umewekwa kwa majaribio, na akaamuru magari mapya yawe na mikanda ya viti.

Katika jambo la pumzi na damu hakuanza na nadharia. Alianza na maiti waliohesabiwa, akatafuta kipimo ambacho hakimu, polisi na dereva wote wangekikubali kwa kuwa hakitegemei jicho la mtu. Katika jambo la reli alikuwa na ushindi wa namna nyingine, wa kukubalisha serikali kwamba njia isiyoleta faida yaweza kuendelea kulipiwa na hazina kwa sababu ya watu wanaoihitaji, ingawa ni kweli pia kwamba njia nyingi zilifungwa kwa idhini yake.

Aprili 1968 alihamishwa tena, akawa Waziri wa Ajira na Tija, mwenye hadhi ya Waziri wa Kwanza wa Nchi. Hapa kazi yake yote imo katika muda wa miaka miwili, mazuri na mabaya yakiwa bega kwa bega, na anayetaka kuipima nguvu ya mbunge asome miaka hii miwili kwa makini.

Mwezi wa Juni 1968 mafundi cherehani wa kike wa kiwanda cha Ford huko Dagenham, waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari, waligoma. Kampuni ilikuwa imewaweka katika daraja la kazi isiyo na ujuzi, na juu ya hayo ikawalipa asilimia 85 ya mshahara wa mwanamume wa daraja hilo hilo. Viti vilipokwisha, magari hayakuweza kutoka, na maelfu ya wanaume wakakaribia kukosa kazi. Castle aliwaita wanawake wale ofisini kwake, akaketi nao kwa chai, akawasikiliza, na suluhu ikafungwa kwa asilimia 92. Haikuwa haki kamili. Suala lenyewe la daraja, ambalo ndilo lililowatoa kazini, halikuamuliwa ila baada ya mgomo mwingine mwaka 1984. Lakini Castle aliichukua sauti ya chumba kile cha cherehani akaipeleka kwa mawaziri wenziwe waliokuwa wakiiogopa gharama, akashindana na hazina ya serikali, na sheria ya malipo sawa kwa kazi sawa ikapata idhini ya malkia mwezi wa Mei 1970, siku chache kabla ya uchaguzi ambao chama chake kilishindwa. Waajiri walipewa hata mwisho wa mwaka 1975 kujitayarisha, na muhula huo mrefu wengi waliutumia kubuni majina tofauti kwa kazi zilizo sawa. Ijapokuwa hivyo, kuanzia hapo mwanamke aliyelipwa pungufu alikuwa na mlango wa baraza wa kugonga.

Katika muda huo huo alikuwa akiandika waraka ulioitwa In Place of Strife, jina lililoigwa kutoka kitabu cha Bevan kiitwacho In Place of Fear. Migomo ya ghafla isiyoidhinishwa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi ilikuwa imekithiri, mara nyingi watu wachache wakisimamisha maelfu, na tume ya Lord Donovan ilikuwa imeshauri kwamba mambo haya yatengenezwe kwa hiari. Castle aliona hiari haitoshi. Waraka wake, uliotolewa Januari 1969, uliwapa wafanyakazi haki nyingi, ikiwa ni pamoja na haki ya kujiunga na chama na kinga dhidi ya kufukuzwa bila ya sababu ya haki; lakini pia ulimpa waziri uwezo wa kuamuru siku 28 za kungoja kabla ya mgomo, uwezo wa kuamuru kura ipigwe, na faini kwa wanaokaidi. Vyama vya wafanyakazi vilisoma hayo ya mwisho na kuyasahau ya mwanzo. Wabunge zaidi ya 50 wa Leba walipiga kura ya kuukataa, Callaghan akiwa waziri akajiweka wazi upande wa wapinzani, na tarehe 18 Juni 1969 Wilson na Castle wakaridhika na ahadi tu ya vyama kwamba vitajitahidi kuzuia migomo ile.

Wako waandishi wengi wanaosema kwamba Castle alikuwa ameona mbele: lau Leba ingaliipitisha sheria yake, isingalikuja sheria kali zaidi ya mwaka 1971 ya waziri mkuu Mhafidhina Edward Heath, wala majira ya baridi ya migomo ya 1978 na 1979, wala Margaret Thatcher kuvunja vyama hivyo katika miaka ya 1980. Hoja hii ina nguvu, na sina budi kukubali kwamba maudhui ya waraka ule yalikuwa ya busara kuliko mengi yaliyofuata. Nisichokikubali ni kwamba alionewa tu. Waraka ulitungwa na watu wachache, na wenye vyama waliletewa jambo ambalo kwao lilikuwa limekwisha amuliwa. Mwanamke aliyewaita mafundi wa Dagenham na kuwauliza wanataka nini hakuwa na subira ya kuwauliza hivyo hivyo makuli wa bandarini na mafundi wa viwanda vya magari. Aliamini kwamba, kwa kuwa nia yake ni safi na yeye ni msoshalisti tangu utoto, wataitambua nia hiyo. Hawakuitambua. Cheo alikuwa nacho, na waziri mkuu alikuwa upande wake, na bado akashindwa.

Leba iliporudi mwaka 1974 akapewa wizara ya huduma za jamii, na hapo akarejea katika njia aliyoijua. Mwaka 1975 alipitisha sheria ya posho ya watoto. Kabla ya hapo palikuwa na mambo mawili: posho ndogo iliyolipwa kwa mama kuanzia mtoto wa pili, ambayo mbunge Eleanor Rathbone aliipigania hata ikawa sheria mwaka 1945, na msamaha wa kodi ya mapato ambao, katika nyumba nyingi, uliingia katika mshahara wa baba. Castle aliyaunganisha yote, akamwingiza mtoto wa kwanza, na fedha yote akaielekeza mkononi mwa mama. Mwenye kuona jambo hili kuwa dogo hajafikiri maana yake kwa nyumba ambayo baba hupitia baa kabla ya kufika kwake. Katika mwaka huo huo alipitisha sheria ya pensheni ya ziada iliyopigwa hesabu kwa miaka 20 bora ya mapato ya mtu, ili mwanamke aliyeacha kazi kwa kulea watoto asiadhibiwe uzeeni kwa ajili ya malezi yake. Ugomvi wake na madaktari bingwa juu ya vitanda vya kulipia katika hospitali za umma ulichukua magazeti mengi na ukaacha kidogo, nauacha.

Tarehe 5 Aprili 1976 Callaghan akawa waziri mkuu, na katika siku zake za mwanzo alimwita Castle akamwuzulu, kwa sababu kwamba anataka kupunguza umri wa Baraza la Mawaziri. Callaghan alikuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja na nusu. Hasira yake haikufichika, wala hapana sababu ya kuificha. Lakini lililo muhimu ni lile lililofuata. Mwezi wa Mei mawaziri waliamua kuiahirisha posho ya watoto, kwa hofu kwamba wanaume wataona mishahara yao imepungua na kudai nyongeza. Kumbukumbu za kikao zikavuja, zikachapishwa mwezi wa Juni na Frank Field, aliyekuwa mkuu wa jumuiya ya kuwatetea watoto maskini, na Castle, sasa akiwa tena mbunge asiye na wadhifa, akaikabili serikali ya chama chake mpaka ikarudi katika ahadi. Posho ilianza kwa awamu mwaka 1977, na kufikia Aprili 1979 ilikuwa pauni 4 kwa wiki kwa kila mtoto.

Mwaka huo aliliacha jimbo, na Jack Straw, aliyekuwa mshauri wake wizarani, akalirithi. Yeye akaenda Bunge la Ulaya, ingawa katika kura ya maoni ya mwaka 1975 alikuwa amepinga Uingereza kubaki katika Jumuiya ya Ulaya, akakaa humo miaka kumi, akabadilisha sehemu ya mawazo yake juu ya Ulaya baada ya kuiona kwa karibu. Shajara zake za uwaziri, alizoziandika usiku kwa usiku, zilichapishwa katika miaka ya 1980 na zimekuwa hazina kwa wanaotaka kujua serikali huamua vipi mambo pale milango inapofungwa.

Aliingia Bunge la Malodi mwaka 1990, na pigano lake la mwisho lilikuwa juu ya wazee. Sheria aliyoisimamia akiwa waziri iliamuru pensheni ya msingi ipande pamoja na mishahara au bei, kwa kufuata kilicho juu zaidi. Serikali ya Thatcher ilikata uhusiano huo na mishahara mwaka 1980, na Leba iliporudi madarakani mwaka 1997 haikuurejesha. Mwezi wa Aprili 2000 wastaafu waliongezewa peni 75 kwa wiki. Mwezi wa Septemba mwaka huo Castle, akikaribia miaka tisini na macho yake yamekwisha dhoofika, alikuwa Brighton katika mkutano mkuu wa chama, akitetea hoja ya kuurejesha uhusiano ule, na wajumbe wakapiga kura ya kuupinga uongozi wao wenyewe. Waziri wa Fedha, Gordon Brown, hakuikubali kanuni. Lakini mwaka uliofuata aliongeza pauni 5 kwa mzee anayeishi peke yake na pauni 8 kwa mume na mke. Castle alifariki tarehe 3 Mei 2002. Miaka mitano baadaye serikali ya Leba iliikubali kanuni yenyewe kwa sheria, na kuanzia mwaka 2011 pensheni ya msingi ya Uingereza ikaanza tena kwenda na mishahara.